Kufuga Samaki-Klauni Nyumbani Bila Anemoni

Ukimtaja samaki-klauni, yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeupe ambaye watoto humwita Nemo, watu humwona akilini akiwa amejilaza katikati ya mikono ya anemoni, mnyama laini wa baharini anayefanana na ua. Kwa hiyo wakienda kununua samaki, hununua na anemoni papo hapo. Nami nilianza hivyo. Anemoni wangu alitulia pale nilipomweka kwa wiki mbili na ushei, kisha usiku mmoja akaamua kuhama. Akatambaa kioo kwa kioo hadi kwenye mdomo wa pampu. Asubuhi nilikuta maji meupe kama yaliyooshewa mchele, harufu haielezeki, na samaki wote wako juu wanatafuta hewa. Alipona mmoja.

Tangu siku ile sijamnunua tena anemoni, na samaki-klauni ninao. Wanakula, wanagombana kidogo, wanataga. Sababu ni rahisi. Baharini samaki huyu ni mwogeleaji hafifu mwenye rangi inayoonekana toka mbali. Akitoka nje ya maskani yake analiwa. Anemoni ana vichomeo vidogo vidogo kwenye mikono yake, na samaki-klauni ana ute mwilini unaofanya vichomeo hivyo visimdhuru, kwa hiyo anajificha mahali ambapo adui hathubutu kuingia. Kwenye tangi lako adui hayupo. Zaidi ya hapo, wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye matangi ya wafugaji na hawajawahi kumwona anemoni maishani mwao.

Anemoni mwenyewe ndiye mgumu. Mwilini mwake wanaishi mwani wadogo wanaomlisha kwa nguvu ya mwanga, kwa hiyo anataka taa kali za bei, maji yaliyokomaa kwa miezi mingi, na pampu zilizozibwa vizuri kwa sababu hutembea apendavyo. Akifa, anachafua tangi zima kwa saa chache. Kama bado unamtamani, mwache hadi tangi lako litimize mwaka.

Aina ipi ununue

Jambo linalowashangaza watu wa pwani ni kwamba Nemo si wa kwetu. Huyu, Amphiprion ocellaris, kwao ni Indonesia, Ufilipino, kaskazini mwa Australia na maeneo ya jirani. Ukizamia kwenye miamba ya Kenya au Tanzania utakutana na ndugu zake: Amphiprion akallopisos, mwenye rangi ya machungwa iliyopauka na mstari mmoja mweupe mgongoni kuanzia juu ya macho, na Amphiprion allardi, mweusi-kahawia mwenye mikanda miwili na mkia mweupe. Wote wazuri. Lakini kwa anayeanza, nunua ocellaris aliyezaliwa kwenye tangi. Ni mpole kuliko wenzake, amezoea chakula cha punje, na hajabeba magonjwa ya baharini kama yule aliyekamatwa jana.

Usijaribiwe kwenda kukamata mwenyewe. Kazi hiyo ina leseni zake, na ndani ya hifadhi ya bahari kama Kisite huruhusiwi kugusa chochote. Hata mawe ya matumbawe yaache yalipo.

Muuzaji akikuletea yule mwekundu wa damu ya mzee, Premnas biaculeatus, mshukuru na umrudishie. Jike lake hukua kupita sentimita 15 na hulitawala tangi kama askari wa zamu.

Hatua ya 1: Tangi

Jozi moja ya ocellaris inatosha kwenye lita 80, ila mimi nashauri 120, kwa mfano sentimita 75 kwa 40 kwa 40. Maji mengi hubadilika polepole, na kosa la leo unapata nafasi ya kulirekebisha kesho. Fundi vioo anaweza kukutengenezea. Mwambie atumie silikoni ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu kama ile ya bafuni. Likijaa maji, mawe na mchanga, tangi la lita 120 linakaribia kilo 170. Meza ya televisheni haitalihimili. Tafuta stendi ya mbao nene au chuma, ipime kwa pima maji, na usiiweke dirishani jua linapopiga.

Mfuniko ni lazima, kwa sababu samaki-klauni huruka, hasa siku za mwanzo. Tumia wavu wa plastiki wa dirishani uliowambwa kwenye fremu. Usitumie chandarua. Vyandarua vingi tulivyonavyo majumbani vimetiwa dawa, na dawa ile ile inayoua mbu ni sumu kali kwa samaki. Hali kadhalika dawa ya kupuliza: ukitaka kupuliza chumbani, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa plastiki, fungua madirisha, usiwashe tena mpaka dawa iishe kabisa chumbani. Pampu ya hewa hunyonya kila kilichomo chumbani na kukipeleka moja kwa moja kwenye maji.

Vifaa vingine: pampu ya kusukuma maji, skima ya kutoa uchafu ukiweza (kwa jozi moja unaweza kuishi bila hiyo ukibadilisha maji kwa bidii), kipimajoto, refraktomita ya kupima chumvi, na vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Taa ya kawaida ya LED inatosha, saa 8 kwa siku. Hapa ndipo utakapoona faida ya kumwacha anemoni: taa yake pekee ingeweza kuwa ghali kuliko tangi.

Waya wowote unaotoka kwenye maji uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda. Maji ya chumvi hufuata waya, na afadhali yadondoke sakafuni kuliko yaingie kwenye umeme.

Hatua ya 2: Maji ya chumvi

Una njia mbili.

Ya kwanza ni chumvi maalumu ya akwariamu, kiasi cha gramu 35 hadi 38 kwa lita, ikorogwe kwenye ndoo mpya ya plastiki kwa siku nzima kabla ya kutumika. Chumvi ya mezani haifai. Wala usidhani chumvi ya mabwawa ya chumvi ya pwani itafaa eti kwa kuwa imetoka baharini. Maji yakikauka bwawani, chumvi ya kawaida huganda kwanza, na magnesiamu pamoja na madini mengine hubaki kwenye yale maji machungu yanayomwagwa. Unachouziwa ni kipande tu cha bahari.

Maji baridi ya kukorogea ndiyo yanayowashinda wengi. Ya bomba yana klorini, ya kisima mengi yana chumvi zake na nitrati. Vituo vya kujaza maji ya kunywa mitaani, vile vya madumu ya lita 20, vingi vinachuja kwa mtambo wa RO, unaosukuma maji kupitia utando unaozuia chumvi na madini. Nunua kipima TDS, yaani cha kupima madini yaliyoyeyuka kwenye maji, ni kidogo kama kalamu, upime dumu kabla ya kulipia. Kikisoma chini ya 10 chukua. Kikisoma 80 au 100, muuzaji amerudishia madini ili maji yawe na ladha. Tafuta kituo kingine.

Njia ya pili ni ya walio karibu na bahari: kuteka. Inaokoa pesa nyingi, lakini ina masharti. Teka maji yakiwa yamejaa, afadhali wakati wa bamvua, mbali na bandari, mito na mifereji ya mji. Wakati wa masika usiteke kabisa karibu na ufuko, mito inamwaga tope na maji baridi na chumvi inashuka. Chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, yaweke kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko, gizani, wiki 2. Vijidudu vingi vitakufa na uchafu utazama. Nyonya kwa mpira maji ya juu, ya chini mwaga. Ndoo ya bati usiitumie hata kwa safari moja. Zinki yake inaingia kwenye maji.

Unachotaka kukiona kwenye refraktomita ni 1.025, yaani gramu 35 kwa kila lita au karibu na hapo.

Hatua ya 3: Joto na maji yanayopotea

Samaki hawa wanataka nyuzi 25 hadi 27. Nairobi au Arusha utahitaji hita, hasa Julai. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar shida ni kinyume chake: mwezi wa Februari tangi linafika nyuzi 30 au zaidi bila msaada wa mtu. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi 2 au 3, kwa sababu maji yanapopaa huondoka na joto.

Yanayopaa ni maji tu, chumvi inabaki. Chukua tangi lenye lita 100 za maji na feni inayokula lita 2 kwa siku. Baada ya siku 5 umebaki na lita 90, na chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 39. Wageni wengi wa kazi hii huona maji yamepungua, wakaongeza maji ya chumvi, na wanajiongezea tatizo. Bandika utepe kwenye kioo pale maji yalipo siku ya kwanza, na kila asubuhi rudisha hadi kwenye utepe kwa maji ya RO matupu. Mimi hufanya hivyo chai ikichemka.

Hatua ya 4: Bakteria kwanza, samaki baadaye

Panga mawe makavu ya matumbawe kilo 10 hadi 12, mchanga wa matumbawe sentimita 2 au 3, jaza maji, washa pampu. Sasa usinunue samaki.

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia huunguza mashavu yake. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo kwa kiasi kidogo haina neno. Bakteria hao wanahitaji wiki 4 hadi 6 kuota kwenye mawe. Walishe kwa kamba mbichi wa ukubwa wa kidole gumba uliyemweka ndani ya soksi safi. Amonia itapanda, kisha itashuka na nitriti kupanda, kisha nayo itashuka. Mtoe kamba. Ukiona amonia 0 na nitriti 0 kwa siku kadhaa mfululizo huku nitrati ikiwepo, badilisha nusu ya maji. Bakteria wa chupa wanaweza kufupisha safari, ila vipimo ndivyo vinavyoamua, si tarehe.

Kipindi hiki mawe yatavaa ukungu wa kahawia na tangi litakuwa baya kwa macho. Usisugue sana. Litapita.

Hatua ya 5: Chungu badala ya anemoni

Samaki-klauni hahitaji anemoni, ila anahitaji mahali pa kurudi. Ni samaki wa maskani: ukimwacha kwenye tangi tupu atachagua kona moja, au hita, au mdomo wa pampu, na ataulinda kama nyumba yake. Nimewahi kuwa na mmoja aliyelala miezi mitatu kwenye kikombe cha kunyonyea cha kipimajoto.

Mpe chungu. Chungu kidogo cha udongo cha kupandia maua, kipenyo cha sentimita 12 hivi, kipya, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kiloweke siku 3 huku ukibadilisha maji, kisha kilaze ubavu mchangani, mdomo ukielekea mahali unapoweza kuchungulia, kwenye upande wenye mkondo mdogo wa maji. Wafugaji wa samaki-klauni duniani kote hutumia vyungu hivi hivi na vigae, kwa sababu ndiyo sehemu samaki anayopenda kutagia. Anaweza kukidharau wiki nzima, kisha siku moja unamkuta ndani, akipiga mkia kutoa mchanga.

Ukipenda kitu cha kucheza kwenye maji, kuna anemoni bandia wa silikoni. Wengine huwakubali, wengine huwapita kama hawapo. Ukija kuzoea, matumbawe laini aina ya Sarcophyton yanavumilia makosa na samaki-klauni wengi huyafanya kitanda, ila hayo tayari yanadai taa bora.

Hatua ya 6: Kununua jozi

Wote huzaliwa na kuanza maisha kama madume. Katika kundi, mkubwa kuliko wote hugeuka jike, na anayemfuata huwa dume lake. Akifa jike, dume hugeuka jike. Hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo usiombe dume na jike dukani; nunua wawili wadogo, mmoja akiwa amemzidi mwenzake kidogo, na mambo mengine wataelewana. Utamwona mdogo akitetemeka ubavuni mbele ya mkubwa. Si ugonjwa, ni adabu. Wakubwa wawili waliokwisha kugeuka majike watauana, na wa tatu akiingizwa kwenye jozi atanyanyaswa hadi afe.

Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekula, mwache. Mwenye mapezi yaliyokunjana, anayehema haraka au mwenye utando mweupe mwilini, mwache pia, na wenzake wa tangi lile uwaache.

Ukifika nyumbani acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kama safari ilikuwa ya saa moja, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa dakika 40. Kama samaki wamesafiri siku nzima kwa ndege au basi, usichelewe: ndani ya mfuko kuna amonia nyingi iliyotulia kwa kuwa pH (kipimo cha uasidi; ikishuka, maji yana asidi zaidi) imeshuka, na ukifungua, hewa ikiingia, pH hupanda na amonia ile inakuwa sumu. Andaa mapema maji yenye chumvi sawa na ya mfuko na uwahamishe upesi kwa kikombe. Maji ya mfuko mwaga chooni.

Vizuri zaidi, waanzie kwenye tangi dogo la karantini kwa wiki 4. Samaki-klauni wana ugonjwa unaowapenda hasa wao, Brooklynella: ute mweupe unabambuka mwilini kama ngozi iliyoungua, samaki anahema, na kwa siku mbili tatu amekufa. Tiba yake ni kuogeshwa kwa formalini, kwa dozi ya kwenye chupa, dirisha likiwa wazi na mikono ikiwa na glavu. Vidoto vyeupe kama punje za chumvi ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ya shaba hairuhusiwi kabisa kuingia kwenye tangi lenye konokono, kamba au matumbawe. Ndiyo maana ya tangi la pembeni.

Usiku wa kwanza unaweza kuwakuta wamelala kiubavu juu ya maji, au wima pembeni, kichwa chini. Ndivyo wanavyolala. Zima taa ukalale na wewe.

Hatua ya 7: Chakula na kazi za wiki

Lisha mara 2 kwa siku, kiasi wanachomaliza ndani ya dakika 2. Punje ndogo za samaki wa baharini ziwe chakula kikuu, na mara mbili tatu kwa wiki wape vilivyogandishwa. Wa pwani wana bahati ya uduvi: nunua wabichi, osha, gandisha, kisha katakata wakiwa bado wagumu. Wale wakavu wa sokoni hapana, wamejaa chumvi na mchanga.

Kila wiki badilisha lita 10 hadi 15 kwa kila lita 100, maji mapya yakiwa na joto na chumvi ile ile. Pima nitrati, ikipita 20, punguza chakula kabla hujalaumu kitu kingine. Marafiki wa tangi wawe konokono, kaa wadogo wa magamba na samaki wadogo watulivu. Chewa na kikande, hata wakiwa wadogo kama kidole, watakua.

Umeme ukikatika, usiwalishe. Washa pampu ya hewa ya betri. Kama huna, chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, mara ishirini hivi kila nusu saa. Kama unatumia kichujio cha kopo lililofungwa na umeme umekaa saa nyingi, kifungue na ukioshe kwa maji ya tangi kabla ya kukiwasha, maana bakteria waliokufa ndani watarudi kwa samaki kama uozo.

Mayai yakija

Jozi iliyotulia huanza kutaga ikifikia umri wa mwaka mmoja hadi miwili. Utaona dume anasugua ndani ya chungu kwa mdomo, kisha siku ya pili kuna zulia la vidoto vya machungwa. Dume huyapepea mchana kutwa na kula yaliyoharibika. Kufikia siku ya 7 au 8 mayai yamekuwa ya rangi ya fedha na macho yanaonekana, na hupasuka usiku baada ya taa kuzimwa. Vifaranga hawatapona kwenye tangi hilo, wanahitaji chakula hai kidogo kuliko kichwa cha sindano na tangi lao wenyewe. Mara ya kwanza waache tu na uwatazame wazazi. Chungu usikisogeze. Na ukitia mkono kusafisha kioo wiki hiyo, vaa glavu: jike la sentimita 8 linauma, halafu linarudi kuuma tena.